Sura ya 5: Ule Mlio Mnene Unatoka Wapi?

Kila anayejifunza gitaa la besi hufika mahali akauliza swali hili: "Nimenunua besi mpya, nzuri, haina kasoro. Mbona hailii kama zile za kwenye santuri za zamani?" Huliuliza kijana wa kwaya aliyekua akisikia rekodi za Mlimani Park Orchestra kwenye redio ya baba yake. Huliuliza pia mpenzi wa rege aliyezoea vidole vya Aston "Family Man" Barrett, mpiga besi wa Bob Marley. Wote wawili wanatafuta kitu kimoja: noti nene, yenye kishindo mwanzoni, isiyochachatika, inayozima mapema na kuiachia ngoma nafasi.

Mara nyingi jibu analopewa ni kwamba anunue besi ya zamani, au mpya iliyochakazwa makusudi ili ifanane na ya zamani. Mimi naona jibu hilo linamtoa mwanafunzi njiani na linamla fedha bure. Sehemu kubwa ya mlio ule iko kwenye nyuzi, kwenye kipande cha sponji na kwenye mkono wa mpigaji. Rangi iliyobanduka ina uzuri wake, nami naipenda, lakini tutaizungumzia mwishoni, mahali pake.

Pikapu inasikia nini?

Mwaka 1951, fundi wa redio aliyeitwa Leo Fender, katika mji wa Fullerton, California, alianza kuuza besi ya umeme aliyoiita Precision Bass. Kabla yake walikuwapo wengine waliojaribu, akiwemo Paul Tutmarc wa Seattle katika miaka ya 1930, lakini ya Fender ndiyo iliyoenea duniani. Wapiga besi wa wakati ule walibeba besi kubwa ya kusimama, yenye kimo cha mtu, ambayo haikusikika vizuri mbele ya tarumbeta na ngoma. Fender aliwapa gitaa la kuvaa begani, lenye freti, yaani vile vyuma vyembamba vilivyolazwa kukatiza shingo. Ukibonyeza uzi nyuma ya freti, noti inatoka mahali pake bila kubahatisha.

Chini ya nyuzi alitega pikapu. Hii ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, mizunguko kwa maelfu. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake, umeme mdogo sana huzaliwa ndani ya waya ule na kusafiri hadi kwenye amplifaya. Hapo ndipo pa kuanzia hoja yetu. Pikapu haina sikio la mbao wala la rangi. Kinachoiamsha ni chuma kinachotikisika. Mbao ina mchango, hasa katika muda ambao noti inadumu, na sitabishana na anayesema anausikia. Lakini kama kinachosikika ni uzi, basi uzi ndio wa kuchunguzwa kwanza.

Na uzi hautoi sauti moja. Uzi mnene kuliko wote kwenye besi, ule wa E, hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde ukipigwa wazi. Wakati huohuo nusu zake, theluthi zake na robo zake nazo zinatikisika, kila kipande kikitoa sauti nyembamba zaidi. Sauti kuu ndiyo inayokwambia hii ni noti gani. Zile nyembamba zinazoandamana nayo, nitakazoziita sauti ambatani, ndizo zinazofanya noti ileile iwe kali kwenye besi moja na nene kwenye nyingine. Wapigaji wanaposema "toni" au "mlio", hilo ndilo wanalolizungumzia: sauti kuu ni nyingi kiasi gani, na ambatani ni nyingi kiasi gani.

Ndani ya uzi mmoja

Ukikata uzi wa besi utaona si waya mmoja. Katikati kuna kiini cha chuma, chembamba na kigumu. Juu yake kumezungushwa waya mwingine, wakati mwingine tabaka mbili au tatu, ili uzi upate uzito wa kutoa noti ya chini bila kuwa mgumu kama nondo. Umbo la waya ule wa juu ndilo linalogawa nyuzi katika makundi.

Nyuzi za waya mviringo zimezungushiwa waya wa duara. Ukizipapasa zina mistari, na vidole vikitembea juu yake husikika vikikwaruza. Sauti ambatani ni nyingi. Noti inang'aa na kudumu.

Nyuzi bapa zimezungushiwa utepe wa chuma uliolala, hivyo uso wake ni laini. Sauti ambatani ni chache. Noti inakuja na kishindo kisha inatulia.

Kati ya hizo kuna nyuzi zilizozungushiwa waya wa duara kisha zikasuguliwa juu hadi zikawa nusu laini. Kuna pia zilizovishwa utepe wa nailoni, nyingi zikiwa nyeusi, ambazo ni laini kwa kidole na zina mlio unaokaribia besi ya kusimama. Ndani yake bado kuna chuma, ndiyo maana pikapu inazisikia.

Kama umepewa besi na hujui ina nyuzi gani, pitisha ukucha juu ya uzi kwa urefu wake. Ukikwaruza na kutoa mlio, ni waya mviringo. Ukiteleza kimya, ni bapa au nailoni.

Kuna pia unene. Watengenezaji hupima kwa sehemu za elfu za inchi. Seti ya kawaida ya nyuzi nne huanzia 45 kwa uzi mwembamba hadi 105 kwa ule mnene, yaani kutoka milimita 1.1 hadi karibu 2.7. Uzi mnene zaidi, ukitunwa kwa noti ileile kwenye shingo ya urefu uleule, unahitaji kukazwa zaidi. Unakuwa mgumu chini ya kidole na noti yake inakuwa imara. Urefu nao unahesabiwa: Precision ina sentimita 86 za uzi unaotikisika, wakati besi ya Höfner yenye umbo la fidla, ile ya Paul McCartney, ina 76 hivi. Uzi mfupi haukazwi sana, na mlio wake huwa mlaini na wa mviringo.

*Kwa kifupi: umbo la waya wa juu linaamua sauti ambatani zitakuwa nyingi au chache, unene na urefu vinaamua uzi utakazwa kiasi gani.*

Mtu wa Detroit

Nataka tukae kidogo na James Jamerson, kwa sababu wengi wanaoulizia mlio wa zamani wanaulizia mlio wake bila kujua jina.

Alizaliwa South Carolina mwaka 1936, akahamia Detroit akiwa kijana, na alianza na besi ya kusimama. Kampuni ya Motown ilipoanza kutoa nyimbo mfululizo kutoka nyumba yake ya West Grand Boulevard, Jamerson alikuwa mmoja wa wanamuziki wa studio waliolipwa kupiga nyuma ya waimbaji. "My Girl" ya The Temptations, ile besi inayofungua wimbo kwa noti chache tu, ni yake. Besi inayotembea bila kuchoka katika "For Once in My Life" ya Stevie Wonder ni yake pia. Kwa miaka mingi majina ya wanamuziki hao hayakuandikwa kwenye majalada, hadi Marvin Gaye alipotoa albamu ya "What's Going On" mwaka 1971 na kuwataja. Inaniuma kwamba dunia nzima ilicheza kwa vidole vya mtu huyu kabla ya kujua kwamba yupo.

Chombo chake kilikuwa Precision Bass ya mwaka 1962. Tazama alivyoitumia:

- Nyuzi bapa nzito za La Bella, unene wa 52 hadi 110. Uzi wake wa E ulikuwa na milimita 2.8.
- Hakuzibadilisha. Uzi ulikaa hadi ukatike.
- Chini ya kifuniko cha chuma kinachofunika daraja, yaani sehemu nyuzi zinapofungwa kwenye bodi, kulikuwa na sponji iliyogusa nyuzi na kuzima sauti ambatani.
- Nyuzi zilikuwa juu sana kutoka kwenye shingo, kiasi cha kuwatesa wengine walioijaribu. Zilipata nafasi ya kutikisika bila kugonga freti.
- Alipiga kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia, cha shahada, jinsi alivyozoea kwenye besi ya kusimama.
- Studioni besi ilichomekwa moja kwa moja kwenye mitambo ya kurekodia, bila kupitia amplifaya na maikrofoni.

Soma tena orodha hiyo na utafute umri wa gitaa. Haumo. Besi ya 1962 ilipokuwa ikirekodi "My Girl" mwaka 1964 ilikuwa na miaka 2. Lilikuwa gitaa jipya! Mlio tunaouita wa zamani ulitoka kwenye chombo ambacho leo tungekiita kimetumika kidogo tu. Kilichokuwa kimezeeka mle ni nyuzi.

London walitaka kinyume

John Entwistle wa bendi ya The Who alichoshwa na mlio uliozama. Alipiga pembeni ya gitaa lenye kelele na ngoma zisizopumzika, akataka besi isikike kama upande wa kushoto wa piano. Mwaka 1966 alishirikiana na James How, mwenye kampuni ya nyuzi ya Rotosound nchini Uingereza, hadi zikapatikana nyuzi za waya mviringo zilizotikisika vizuri kutoka mwanzo hadi mwisho. Baada yake wapigaji wengi wa roki walihamia huko, na leo besi nyingi mpya hutoka kiwandani zikiwa na nyuzi za aina hiyo. Hii ndiyo sababu ya kwanza besi ya kijana wetu wa kwaya hailii kama ya kwenye redio ya baba.

Kisha akaja mpiga besi Jaco Pastorius. Alichukua Jazz Bass, ndugu wa Precision aliyeanza kuuzwa mwaka 1960, nayo ikiwa ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 kama ya Jamerson. Aliipiga ikiwa haina freti, akaweka nyuzi za waya mviringo za Rotosound. Nyuzi hizo hula mbao kama tupa, kwa hiyo aliipaka shingo tabaka gumu la epoksi, gundi inayotumika kwenye mashua. Mlio wake unaimba, unalia kama sauti ya mtu. Kweli, pikapu za Jazz Bass si sawa na za Precision, na kukosa freti kunabadilisha mengi. Hata hivyo, hizi ni besi mbili za kiwanda kimoja na za miaka inayokaribiana, na milio yake iko mbalimbali kabisa. Miaka haikuzifananisha.

Na usidhani kwamba nyuzi bapa peke yake zinatosha kukupeleka Detroit. Steve Harris wa Iron Maiden anapiga Precision yenye nyuzi bapa, na mlio wake unagonga kama chuma kwenye chuma. Anapiga kwa nguvu hadi uzi unagonga freti, na anajulikana kwa kuweka nyuzi mpya kabla ya onyesho. Uzi bapa ukiwa mpya nao una makali. Unahitaji kupigwa miezi mingi ndipo ukae.

Jasho, uchafu na hewa ya bahari

Uzi huzeekaje? Jasho, mafuta ya ngozi na vumbi huingia katikati ya mizunguko ya waya na kuzuia ule mtikisiko mdogo unaozaa sauti ambatani. Freti nazo huacha alama upande wa chini wa uzi. Uzito wa uzi unakuwa haulingani kila mahali, na mwisho wake noti za juu kwenye shingo zinaanza kutoka kidogo nje ya mahali pake, hata ukitune vipi. Hapo uzi umekwisha.

Nyuzi za waya mviringo zina mifereji, kwa hiyo zinakusanya uchafu upesi. Bapa hazina, na zinadumu miaka. Kwa mtu wa Mombasa, Tanga au Zanzibar hili ni jambo la mfukoni: hewa yenye chumvi na unyevu hutia nyuzi kutu haraka, na gitaa linaloachwa wazi ukutani huumia zaidi ya lile linalorudishwa kwenye mfuko wake. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza kupiga, juu na chini ya uzi.

Wapo wanaochemsha nyuzi kwa dakika chache ili kuzifufua. Inafanya kazi: uchafu hutoka na mng'ao hurudi, lakini kwa muda mfupi tu, na zisipokaushwa kabisa zitashika kutu. Ni njia ya siku ya shida. Kwa anayetafuta mlio wa zamani haina maana hata kidogo, kwani anaondoa kilekile anachokitafuta.

Anza na vya bure

Kabla ya kutoa shilingi, jaribu kwa utaratibu huu, na usikilize baada ya kila hatua.

1. Punguza kitufe cha toni kwenye besi hadi karibu na mwisho. Kinapunguza sauti ambatani za juu kabla hazijafika kwenye amplifaya.
2. Sogeza mkono unaopiga kuelekea shingoni. Uzi ukipigwa karibu na daraja, ambatani huwa nyingi. Ukipigwa kuelekea katikati, sauti kuu hushika usukani.
3. Kata kipande cha sponji ya godoro, upana wa vidole viwili, ukisukumize chini ya nyuzi karibu kabisa na daraja. Kiguse nyuzi zote sawasawa bila kuzibana.
4. Piga kwa kidole kimoja, kwa nyama ya kidole na si ncha.

Wengi wakifika namba 3 huanza kutabasamu. Mpigaji mashuhuri wa studio za Los Angeles, Carol Kaye, alizima nyuzi zake hivyohivyo kwa kipande cha kitambaa kizito na kupiga kwa kijiti, na besi yake imo katika nyimbo nyingi mno za miaka ya 1960.

Ukiridhika na mwelekeo lakini bado kuna mkwaruzo, sasa nunua nyuzi bapa. Ni ghali kuliko za waya mviringo, ila hutanunua tena kwa muda mrefu. Jihadhari na jambo moja: nyuzi bapa nyingi hukazwa zaidi, na shingo inaweza kuvutwa ikapinda mbele. Ndani ya shingo kuna fito ya chuma inayorekebisha hilo kwa kuzungushwa robo mzunguko kwa wakati mmoja. Ikigoma, mpelekee fundi, usiilazimishe. Seti nzito kama ya Jamerson pia inaweza kuhitaji mifereji ya kule juu shingoni, nyuzi zinapopita kuelekea kwenye funguo, ipanuliwe kidogo.

Kuhusu sura ya zamani

Besi za Fender za miaka ya 1950 na 1960 zilipakwa vanishi ya nitroselulosi, ndugu wa ile ambayo mafundi samani na wapiga rangi magari wa kwetu wanaiita NC. Ni nyembamba na haiachi kubadilika. Hugeuka manjano kwa mwanga na miaka, hupasuka mistari midogo kwa joto na baridi, na huisha pale mkono unapoegemea. Ndiyo maana besi nyeupe za wakati ule, rangi iliyoitwa Olympic White, leo nyingi ni za krimu, na zile za buluu ya Lake Placid huelekea ukijani: vanishi ya juu imekuwa manjano. Rangi hizo zilitoka kwenye magari. Fiesta Red, kwa mfano, ilikuwa ya Ford Thunderbird. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Fender walianza kuhamia rangi nzito ya poliesta, ambayo inakaa karibu kama ilivyotoka dukani.

Sura hizi zinasomeka. Kipande cha mbao cha kushikia vidole kikiwa upande wa uzi mwembamba, kinakumbusha kwamba Fender alitarajia watu wapige kwa dole gumba. Katika miaka ya 1970 kilihamishiwa upande wa pili, wapigaji walipokuwa wameshaamua vingine. Matundu mawili matatu karibu na daraja yanaonyesha kwamba palikuwa na kifuniko, ambacho wengi walikitupa, na pamoja nacho wakatupa sponji. Huenda besi nyingi zilipoteza mlio wake wa zamani siku ile.

Mwaka 1965 kampuni ya CBS iliinunua Fender kwa dola milioni 13, na wakusanyaji hulipa bei kubwa zaidi kwa gitaa lililotoka kabla ya hapo. Tangu 1995 Fender yenyewe huuza magitaa mapya yaliyochakazwa kwa mikono ya mafundi: rangi imekwanguliwa, chuma kimefubazwa, kingo za shingo zimelainishwa. Kingo hizo laini ni raha ya kweli mkononi, na mtu anayependa kuona gitaa lake limeishi hana kosa. Alipe kwa sababu macho na mkono wake vimependa. Asilipe akidhani mkwaruzo wa rangi umeingia kwenye pikapu.

Ukiuziwa besi iliyochakaa, iwe ya miaka 60 au ya mwaka jana, rangi iache iwe ya mwisho kuitazama. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, kisha angalia katikati: pawe na uwazi mdogo sana kati ya uzi na freti. Ukiwa mkubwa, shingo imepinda. Uliza kama fito bado inazunguka, na iwe mbele yako. Piga kila noti hadi juu, taratibu, ukisikiliza inayozima ghafla au kukwaruza. Zungusha vitufe vyote huku besi imechomekwa. Pitisha ukucha kwenye uzi ujue ni wa aina gani, kwa sababu mlio uliokupendeza dukani huenda ni wa nyuzi bapa za miaka mitano, nazo zinaweza kuvishwa besi ya bei nafuu uliyoiacha nyumbani.